Mama Mhandisi Anajibu: Askari Wakiondoka, Kambi Inabaki ya Nani?

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Kijana wangu wa pili amepata nafasi ya kusoma chuo Potsdam, Ujerumani. Juzi katuma picha za chuo chao kilichopo Bornstedt, akaeleza kwamba eneo lile lote lilikuwa kambi ya askari wa Kirusi. Tangu baba yake asikie hayo hana raha. Anasema palipokaa jeshi hapakosi mabomu ardhini. Mimi najiuliza lingine: jeshi linaondokaje kwenye nchi ya watu likaacha majengo yote yale, na nani anayachukua?
*Mama wa watoto wanne, Ujiji*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kusomesha. Hofu ya baba watoto ina msingi, nitaifikia. Nianze na lako, kwa sababu nilisomea ujenzi Weimar miaka ya 1980, wakati ile ikiwa bado Ujerumani Mashariki, nchi ya kijamaa.

Nchi ile ndogo ilibeba majeshi mawili. Moja lilikuwa la kwao wenyewe, NVA, yaani Jeshi la Wananchi la Taifa, lililoanzishwa 1956. La pili lilikuwa la Umoja wa Kisovieti, yaani Urusi na nchi zilizoungana nayo, lililoingia 1945 likimfukuza Hitler, kisha likabaki. Hadi miaka ya mwisho lilikuwa na askari zaidi ya laki tatu, na ukijumlisha wake, watoto na wafanyakazi wa kiraia unapita nusu milioni. Katika mkoa unaoitwa leo Brandenburg, ambao Potsdam ndiyo makao yake makuu, karibu asilimia 8 ya ardhi yote ilikuwa mikononi mwa wanajeshi.

Nje kidogo ya Weimar, mahali paitwapo Nohra, Wasovieti walikuwa na makao makuu ya jeshi lao mojawapo na uwanja wa helikopta. Sisi wanafunzi tuliyajua malori yao na ukuta wao, basi. Maafisa walionekana mjini na familia zao. Lakini kuruta wa kawaida, kijana wa miaka kumi na minane kutoka Uzbekistan au Siberia, aliweza kumaliza miaka miwili ya utumishi bila kuijua nchi aliyoletwa kuilinda. Hakutoka langoni ila kwa kibali, tena kwa kundi. Kambi kubwa zilikuwa na duka lao, na akina mama wa Kijerumani wakipata upenyo waliingia kununua vitu vilivyoadimika katika maduka ya mtaani. Duka hilo ndilo lililowakutanisha wenyeji na kambi kuliko sherehe zote za urafiki wa mataifa zilizoandaliwa kwa bendera na hotuba.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba sehemu kubwa ya kambi hizo hazikujengwa na Wasovieti. Walizirithi kwa Hitler, na Hitler naye alizirithi nyingine kwa Kaisari, mfalme wa mwisho wa Ujerumani. Potsdam ni mji wa askari tangu enzi za wafalme wa Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani. Chukua mfano wa Wünsdorf, kusini mwa Berlin kwa kilomita 40 hivi, ambako ndiko yalikokuwa makao makuu ya jeshi lote la Kisovieti nchini humo. Jeshi lilianza kupajenga karibu na 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani waliweka hapo kambi ya mateka Waislamu, watu wa Afrika Kaskazini na India waliokamatwa wakipigania Ufaransa na Uingereza, na mwaka 1915 wakawajengea msikiti wa mbao wenye mnara. Huo unahesabiwa kuwa msikiti wa kwanza kujengwa kwa ajili ya sala katika ardhi ya Ujerumani. Wazee wa Ujiji watapenda kulijua hili, kwa sababu ni vita ileile iliyoleta Wabelgiji Kigoma na kuiangusha Tabora Septemba 1916. Msikiti wenyewe ulibomolewa katikati ya miaka ya 1920.

Baadaye wakuu wa jeshi la Hitler walichimba hapo mahandaki ya zege ya kuendeshea vita. Kisha wakaja Wasovieti na kupafanya mji mzima, wenye shule, maduka, bwawa la kuogelea, ukumbi wa maonyesho, sanamu ya Lenin na treni ya kwenda Moscow. Mjerumani asiye na kibali hakuingia, na wenyeji waliuita mji uliokatazwa. Yakaja mabadiliko: ukuta wa Berlin ukafunguka Novemba 1989, NVA ikavunjwa rasmi 2 Oktoba 1990, kesho yake Ujerumani mbili zikawa moja. Wasovieti wakapewa hadi mwisho wa 1994 kuondoka. Wakaagwa Berlin tarehe 31 Agosti 1994, wakati huo wakiwa wameshakuwa Warusi.

Hebu fikiria serikali ya mkoa inayokabidhiwa funguo za mji wenye maelfu ya vyumba ambavyo hakuna aliyeviomba. Brandenburg ilichukua ardhi nyingi ya namna hiyo na kuunda kampuni ya umma ya kusafisha, kutengeneza na kuuza. Wünsdorf baadhi ya majengo yalikarabatiwa yakawa nyumba za kupanga na ofisi za serikali. Mwaka 1998 wakafungua hapo mji wa vitabu, maduka ya vitabu vya mtumba ndani ya majengo ya jeshi, na watalii wakaanza kushushwa kwenye yale mahandaki. Baada ya 2015, wakimbizi kutoka Syria na kwingineko walipoingia Ujerumani kwa wingi, sehemu nyingine ikawa makazi yao ya kwanza. Lakini jumba kubwa la maafisa, lenye lile bwawa, lilikaa miaka na miaka bila mtu, rangi ikibanduka kutani.

Kijana wako ameangukia upande wenye bahati. Chuo chake kilianzishwa 1991, kikaingia kwenye majengo ya jeshi yakiwa bado na paa na madirisha. Mimi kama mhandisi nakuambia, hicho ndicho kilichoyaokoa. Jengo la kambi ya kizamani ni imara kupita kiasi: ukuta wa matofali wa unene wa karibu nusu mita, ngazi za mawe, ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili. Ukiwa na chuo, bweni au ofisi, unapaka rangi na kubadili mabomba, umemaliza. Kama unataka kiwanda, hospitali kubwa au duka la kisasa, ukumbi ule mrefu utakutesa. Kwa hiyo kambi zilizopata wanafunzi mapema zimepona, nyingi zilizosubiri mwekezaji mkubwa zimeoza.

Sasa baba watoto. Mwambie hakosei, ila hatari haiko darasani. Huko hawajengi wala kuchimba kwenye ardhi ya jeshi kabla kikosi cha kutegua mabomu hakijapita na vifaa vya kupima. Jirani na chuo hicho kuna uwanja mkubwa ambao askari waliutumia kwa mazoezi tangu enzi za wafalme. Walipoukagua na kuusafisha, mwaka 2001 wakafanyia hapo maonyesho ya kitaifa ya bustani, na leo ni bustani ya umma ambamo watoto wanacheza mpira. Mabomu yamebaki kwenye misitu na nyika zilizokuwa za mazoezi, kama Döberitz upande wa magharibi wa Berlin. Humo pameachiwa wanyama, hata nyati wa Ulaya wanazunguka ndani ya uzio, na binadamu anapita njia zilizowekewa alama tu. Mwanao akienda matembezi huko na wenzake, akiona ubao wa onyo asiuruke hata kama wenzake wanafanya hivyo. Hilo mwandikie leo.

SWALI: Mama, mimi nilipita JKT. Umetaja mara nyingine kwamba Warusi walilipwa ili waondoke. Askari analipwaje kurudi kwao? *Msomaji, Urambo*

JIBU: Kwa sababu kwao hawakuwa na pa kulala. Afisa aliyekaa Ujerumani na mke na watoto kwenye kota nzuri alikuwa akirudi kwenye nchi inayosambaratika, na wengi waliishia kwenye mahema na makontena. Ujerumani ilikubali mwaka 1990 kutoa mark bilioni 12, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, pamoja na mkopo usio na riba wa bilioni 3. Fungu kubwa kuliko yote, bilioni 7.8, lilikuwa la kujenga nyumba za askari hao huko Urusi, Ukraine na Belarus.

Unaweza kuona ni pesa nyingi. Mimi naona ilikuwa akili kubwa. Jeshi la watu laki kadhaa lenye silaha, lisilo na mshahara wa uhakika wala nyumba, si kitu cha kukiacha kikae kwako kikiwa na kinyongo. Waliondoka kwa treni na meli kwa ratiba, wakamaliza hata kabla ya muda waliopewa. Baadhi waling'oa masinki, nyaya na milango wakaenda navyo. Wajerumani walilalamika sana kuhusu hilo. Mtu aliyeambiwa kwamba kule aendako hakuna sinki, mimi simlaumu.

SWALI: Habari Mama. Kwa nini hawakuvunja tu? Kambi ya jeshi la dola iliyokufa ina faida gani? Na je, vijana wasanii kama sisi waliwahi kupewa hata moja? *Kijana wa Ng'ambo, Tabora*

JIBU: Nzuri mwanangu. Walivunja nyingi. Vogelsang, kaskazini mwa Berlin, ilikuwa kambi kubwa katikati ya msitu, na mwaka 1959 Wasovieti walipeleka huko makombora ya nyuklia bila Wajerumani wenyewe kuambiwa. Sehemu kubwa ya majengo yake yameshabomolewa na miti ya misonobari imerudi. Lakini kuvunja zege ni ghali, na zipo kambi ambazo watu walibishana kama ni halali kuzivunja.

Mojawapo ni Prora, kisiwani Rügen, ufukweni kabisa. Utawala wa Hitler ulianza kuijenga 1936 iwe hoteli ya wafanyakazi ya watu 20,000 kwa mara moja, majumba manane ya ghorofa sita yaliyopangwa mstari mmoja wa kilomita nne na nusu. Hiyo ni karibu nusu ya njia kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji. Vita ikaanza 1939, hakuna mfanyakazi aliyewahi kulala humo akiwa likizo. Wasovieti wakalipua sehemu, kisha NVA ikaifanya kambi. Humo ndimo walimokaa vijana waliokataa kushika bunduki kwa ajili ya imani yao. Ujerumani Mashariki iliwaruhusu kuanzia 1964 kutumikia jeshini bila silaha, wakiwa wamevaa alama ya koleo la kuchotea udongo begani. Wale wa Prora walitumwa kujenga bandari ya Mukran iliyo jirani, kazi ya zege na mawe kwenye upepo wa bahari, na wengi wao hawakupewa nafasi ya chuo kikuu baadaye kwa sababu ya koleo lile.

Leo jumba moja ni hosteli ya vijana, ilifunguliwa 2011. Mengine mengi yameuzwa yakawa hoteli na nyumba za likizo, kuta zimepakwa rangi nyeupe na kuongezwa baraza za kuangalia bahari. Mimi hilo linaniuma. Sipingi watu kulala ufukweni. Ninachotaka ni mgeni aambiwe waziwazi chumba alichopanga kilimlaza nani. Yapo maonyesho ya historia pale, na watu wamepigania miaka mingi yasifukuzwe na wenye hoteli. Napenda wangepewa jengo zima.

Kuhusu wasanii, ndiyo, ila si kwa kupewa. Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ilikuwa na kambi ya jeshi la Yugoslavia katika mtaa wa Metelkova, katikati ya mji. Jeshi lilipoondoka 1991, vijana wa muziki, uchoraji na maigizo waliiomba kwa barua. Septemba 1993 wakasikia matingatinga yameanza kuivunja, wakaingia na kukaa ndani. Mji ukawakatia maji na umeme, hawakutoka. Wapo hadi leo, wana kumbi za muziki, karakana za wachongaji na ofisi za vyama vya kiraia. Gereza la kijeshi lililokuwamo lilifunguliwa 2003 kuwa hosteli. Nondo za milango zimeachwa, na kila seli imepambwa na msanii wake.

Sikuambii mkavamie jengo la watu Tabora. Angalia walichofanya kabla ya kuingia: waliungana, waliandika, walikuwa na mpango wa kila chumba. Mkiwa na karatasi kama hiyo, nendeni kwa ofisa utamaduni wa manispaa.

SWALI: Hapa kwetu je, yapo mambo kama hayo? *Mwalimu wa msingi, Kasulu*

JIBU: Mwalimu, uko karibu nayo kuliko mimi. Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi kwa karibu miaka ishirini, ikafungwa mwishoni mwa 2012, leo vijana wa JKT wanakimbia mchakamchaka palepale. Ujerumani kambi za askari zimelaza wakimbizi, kwenu kambi ya wakimbizi imelaza makuruta. Nduta nayo, upande wa Kibondo, ilifungwa kisha ikafunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia upya. Wapeleke wanafunzi wako kwa wazee wa vijiji vya jirani, waandike nani alichimba visima vile na mipaka ya mashamba ilikuwa wapi kabla ya yote hayo, wazee hao wangali hai.

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Kampuni iliyojenga barabara inamaliza kazi na kambi yake ipo kwenye ardhi ya kijiji. Ina nyumba za kulala watumishi, ofisi, gereji na eneo la mtambo wa lami. Wananchi wamegawanyika, wengine wanataka sekondari, wengine zahanati. Tufanyeje? *Mtendaji wa kijiji, Kaliua*

JIBU: Marahaba Ndugu Mtendaji. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Yale ya Ujerumani niliyoyaeleza juu yanakuhusu wewe moja kwa moja.

La kwanza ni muda. Siku mlinzi wa mwisho anapoondoka ndiyo siku jengo linapoanza kufa. Hesabu ni ileile Kaliua na Wünsdorf: kwanza zinaondoka nyaya, halafu milango na masinki, halafu bati. Bati likishaondoka, masika moja yanatosha kuozesha dari na kuingiza maji kwenye kuta. Msisubiri mwafaka wa sekondari au zahanati ndipo mpokee. Pokeeni kwanza, kwa maandishi, mbele ya mkandarasi, wakala wa barabara na halmashauri, mkiwa na orodha ya kila jengo, tangi, pampu na jenereta linalobaki. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uambatanishwe. Wekeni mtu alale mle usiku uleule, hata kama ni mgambo wawili na taa.

La pili ni ardhi, na hapa nakuomba usinielewe kwa nusu. Kambi za Kisovieti zilichafua udongo vibaya sana. Askari walimwaga oili chafu nyuma ya gereji, matangi ya chini yalivuja, na kwenye viwanja vya ndege mafuta yalishuka hadi yakayafikia maji ya chini ya ardhi. Kusafisha kumegharimu Wajerumani fedha nyingi kuliko bei waliyouzia viwanja vyenyewe katika sehemu nyingi, na kuna mahali wanapampu maji machafu kwa miaka. Kwako pana gereji na mtambo wa lami. Kabla mkandarasi hajaondoka, mfanye awaonyeshe kwa kidole mahali matangi ya dizeli yalipokaa, mahali oili ilipobadilishwa, na shimo la taka. Chimbeni kila mahali hapo kina cha mita moja. Udongo mweusi unaonuka dizeli ni wa kwake kuuondoa, si wenu, na ni rahisi kumdai akiwa bado anasubiri malipo yake ya mwisho. Katika mikataba ya barabara kurejesha eneo la kambi katika hali nzuri ni sehemu ya kazi yake. Mwulize mhandisi mshauri akuonyeshe kifungu hicho.

Kisima cha kambi msikitumie kwa watoto kwa sababu tu wafanyakazi walikunywa. Peleka sampuli maabara kupitia RUWASA wilayani, na uwatajie mafuta waziwazi, maana kipimo cha kawaida cha vijidudu hakitayaona.

Baada ya hapo ndipo ugomvi wa sekondari na zahanati. Nyumba za kulala watumishi huwa ni vyumba vidogo vidogo vyenye mlango mmoja mmoja nje. Zahanati inapenda vyumba vya namna hiyo: cha daktari, cha sindano, cha dawa, cha mama na mtoto. Darasa linataka upana wa mita saba hivi, na mkibomoa ukuta wa kati ili kuunganisha vyumba viwili mnaweza kuwa mnabomoa ukuta uliobeba kenchi. Kwa hiyo kwa macho ya mbali naegemea zahanati kwenye nyumba za kulala, na ofisi ziwe nyumba za watumishi wa afya, kwa sababu muuguzi asiye na nyumba hakai kijijini. Eneo la lami liacheni, msilime mboga, msijenge.

Wa sekondari wasione wameshindwa. Gereji, kama ina nguzo za chuma na paa refu, inaweza kuwa bwalo au karakana ya ufundi, mradi sakafu yake imevunjwa na udongo wa chini umekaguliwa. Nitumie picha za kenchi ukiwa umesimama ndani, na picha ya ukuta wa kati ukiwa umeweka futi kamba juu yake ili nione unene. Zikinifikia kabla mkandarasi hajakabidhi, nitakujibu kwa simu bila kusubiri toleo lijalo.